Kupanga Ziara ya Mafunzo ya Utamaduni wa Kikorea Jijini Seoul: Umri wa Jengo kama Mwongozo wa Ratiba

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kupanga ziara ya siku moja jijini Seoul kwa wanafunzi wanaojifunza utamaduni wa Kikorea, ili ziara hiyo ifundishe na wakati huohuo ifurahishe. Hoja kuu ni kwamba ziara haifundishi kwa wingi wa vituo, bali kwa swali moja linaloulizwa katika kila kituo. Swali linalopendekezwa ni hili: kitu hiki kilijengwa lini, kiliangamizwa lini, na nani aliamua kirudi? Kwa kulifuata swali hilo kuanzia lango la Gwanghwamun hadi soko la Gwangjang, makala inaonyesha jinsi ya kuchagua eneo, siku, mfuatano wa vituo, michezo ya kujifunzia, chakula na njia ya kupima kilichojifunzwa.

1.0 Utangulizi

Ziara ya mafunzo ni mbinu kongwe ya kufundishia, na sababu yake iko wazi: macho huona jambo ambalo maelezo ya darasani hayawezi kulifikisha. Hata hivyo, mbinu hii ina kasoro inayojirudia. Kiongozi wa ziara hukusanya majina ya sehemu maarufu, huyapanga kwa mstari, kisha huwakimbiza wanafunzi kutoka moja hadi nyingine. Jioni ikifika, kila mmoja ana picha nyingi na maelezo machache.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kuwa mmoja wa wanafunzi hao. Katika ziara yake ya kwanza jijini Seoul alipitishwa katika vituo tisa kwa siku moja. Aliporejea, aliwasilisha semina fupi na kuonyesha picha ya lango la Gwanghwamun, akieleza kwa kujiamini kwamba wasikilizaji wanatazama kazi ya mafundi wa mwaka 1395. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mwanafunzi kutoka Korea, binti wa miaka ishirini na ushei. Alinyosha mkono, akaomba radhi kwa adabu, kisha akasema: "Lango hilo mimi nimelizidi umri." Darasa lilicheka. Mwandishi naye alicheka, lakini usiku ule alifungua vitabu na kukuta kwamba binti alisema kweli. Lango linaloonekana leo lilifunguliwa tarehe 15 Agosti 2010.

Kosa hilo halikuwa dogo. Aliyekosea mwaka wa lango alikuwa pia amekosa kuiona historia ya kuvunjwa na kurudishwa kwake, na historia hiyo ndiyo sehemu kubwa ya utamaduni aliokwenda kujifunza. Makala hii imeandikwa ili kiongozi mwingine asiwapitishe wanafunzi wake katika njia ileile. Walengwa wake ni walimu, viongozi wa vyama vya wanafunzi na watafiti wanaoandaa safari ya kitaaluma kwenda Korea Kusini.

2.0 Swali kabla ya ratiba

Hatua ya kwanza katika kupanga ziara ni kuamua wanafunzi watauliza nini. Orodha ya vituo hufuata baadaye. Ziara isiyo na swali hufanana na kamusi isiyo na alfabeti: kila kitu kimo, ila hakuna kinachopatikana.

Kwa jiji la Seoul, swali la umri lina nguvu ya pekee kutokana na historia ya jiji lenyewe. Nasaba ya Joseon iliasisiwa mwaka 1392, na miaka miwili baadaye mfalme wake wa kwanza, Taejo, alihamishia makao makuu hapo. Ukuta wa jiji, wenye urefu wa takriban kilomita 18.6, ulijengwa kuanzia mwaka 1396 kwa kuunganisha milima minne: Bugaksan, Naksan, Namsan na Inwangsan. Tangu wakati huo jiji limepitiwa na uvamizi wa Wajapani ulioanza mwaka 1592, utawala wa kikoloni wa Japani kuanzia mwaka 1910 hadi 1945, na vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953. Kila tukio liliacha magofu, na mara nyingi magofu yalifuatiwa na uamuzi wa kujenga upya au kutojenga.

Kwa hiyo, katika kila kituo mwanafunzi ajibu maswali matatu. Kwanza, kitu hiki kilijengwa lini kwa mara ya kwanza? Pili, kiliharibiwa lini na na nani? Tatu, nani aliamua kirudi, na kwa nini kwa umbo hili? Maswali haya ni mepesi kukumbuka, lakini yanamzuia mgeni kudhani kwamba utamaduni ni kitu kilichosimama mahali pamoja tangu enzi.

3.0 Kuchagua eneo na siku

Seoul ni jiji la watu zaidi ya milioni tisa, na hakuna siku moja inayoweza kulimaliza. Inapendekezwa kuchagua eneo moja linalotembelewa kwa miguu. Eneo linalofaa ni lile la kale lililo kaskazini ya kijito cha Cheonggyecheon, kati ya kasri la Gyeongbokgung upande wa magharibi na soko la Gwangjang upande wa mashariki. Vituo vyake viko karibukaribu kiasi kwamba mwendo kati ya kimoja na kingine mara nyingi hauzidi dakika ishirini. Kutembea huko ni sehemu ya somo, kwa sababu mwanafunzi huona jinsi kasri, mtaa wa makazi, hekalu la mababu na soko vilivyopangwa katika jiji moja.

Siku ichaguliwe kwa uangalifu. Kasri la Gyeongbokgung na hekalu la Jongmyo hufungwa Jumanne, ilhali makasri mengine kama Changdeokgung na Deoksugung hufungwa Jumatatu. Aidha, katika siku nyingi za kazi Jongmyo huingiwa kwa makundi yanayoongozwa kwa saa maalumu, bali Jumamosi mgeni huingia na kutembea kwa uhuru. Jumapili maduka mengi ya vitambaa sokoni Gwangjang hufungwa. Kwa kuzingatia hayo yote, Jumamosi ndiyo siku inayofaa zaidi kwa ratiba hii.

Kuhusu majira, Aprili na Mei, pamoja na Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, ni miezi yenye hali ya hewa ya wastani. Julai huwa na mvua nyingi na joto la unyevu, na katika Januari baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri. Kiongozi aepuke pia sikukuu za Seollal na Chuseok endapo kikundi kinategemea kula mikahawani, kwa kuwa maduka mengi hufungwa na watu husafiri kwenda kwao. Sikukuu hizo hufuata kalenda ya mwezi, hivyo tarehe zake hubadilika kila mwaka.

4.0 Ratiba na mafunzo ya kila kituo

4.1 Uwanja wa Gwanghwamun: lugha kabla ya mawe

Kikundi kikutane saa tatu asubuhi katika uwanja wa Gwanghwamun, mbele ya sanamu ya Mfalme Sejong iliyowekwa mwaka 2009. Hapa ndipo pa kuanzia kwa wanafunzi wa lugha, kwa sababu Sejong ndiye aliyebuni alfabeti ya Kikorea, Hangeul, mwaka 1443 na kuitangaza rasmi mwaka 1446. Kabla ya hapo Wakorea wasomi waliandika kwa herufi za Kichina, na mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kuandika lugha aliyoisema. Wapo wasomi waliopinga. Mwaka 1444 Choe Manri na wenzake waliwasilisha waraka wa kupinga alfabeti mpya, wakihofia kwamba kuacha maandishi ya Kichina kungewatenga na ustaarabu. Msomaji anayeandika tasnifu yake kwa Kiswahili hatahitaji kufafanuliwa hoja hiyo. Ameisikia kwa maneno mengine.

Hapa uchezwe mchezo wa kwanza. Kiongozi aeleze kwamba maumbo ya konsonanti za msingi yanafuata viungo vya matamshi: ㄱ huonyesha shina la ulimi linapoziba koo, ㄴ ncha ya ulimi inapogusa ufizi, ㅁ kinywa, ㅅ jino, na ㅇ koo. Herufi hupangwa kwa silabi, kila silabi katika kisanduku chake. Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, mwanafunzi anaweza kuliandika jina lake ndani ya dakika chache: Asha ni 아샤, Juma ni 주마, Baraka ni 바라카. Fatuma atagundua kwamba Kikorea hakina sauti ya f, na jina lake linakuwa 파투마. Zuhura naye atapata 주후라, kwa kukosa z. Kicheko kitakachotokea hapo ni somo la fonolojia lisilosahaulika.

4.2 Lango na kasri la Gyeongbokgung

Saa nne kamili asubuhi hufanyika maonyesho ya kubadilishana zamu kwa walinzi wa kasri mbele ya lango, na hurudiwa saa nane mchana. Baada ya maonyesho, wanafunzi waulize maswali yao matatu juu ya lango lenyewe.

Majibu ni haya. Kasri lilijengwa mwaka 1395. Liliteketea mwaka 1592 na likabaki gofu kwa takriban karne mbili na nusu, hadi lilipojengwa upya katika miaka ya 1860 chini ya Heungseon Daewongun, baba wa Mfalme Gojong. Utawala wa kikoloni ulibomoa majengo mengi ya kasri, ukalihamisha lango, na mwaka 1926 ukakamilisha jengo kubwa la serikali yake mbele kabisa ya ukumbi wa kiti cha enzi, hata wakazi wa jiji wasiweze tena kuliona kasri lao. Lango liliharibiwa katika vita vya Korea, likajengwa kwa zege mwaka 1968, kisha likabomolewa na kujengwa kwa mbao mahali pake pa asili na kufunguliwa mwaka 2010. Jengo la kikoloni nalo lilianza kubomolewa tarehe 15 Agosti 1995, miaka hamsini kamili baada ya ukombozi. Tarehe hiyo ilichaguliwa makusudi, na hata ufunguzi wa lango ulifuata tarehe ileile.

Mwanafunzi makini atatazama pia kibao cha jina juu ya lango. Lango la zege la mwaka 1968 lilikuwa na kibao cha Hangeul kilichoandikwa kwa mkono wa rais wa wakati huo, Park Chung-hee. Kibao cha mwaka 2010, na kile kilichokibadili mwaka 2023, viliandikwa kwa herufi za Kichina, kwa lengo la kurudisha sura ya karne ya 19. Waliopinga waliuliza inakuwaje lango lililo nyuma ya sanamu ya mbunifu wa Hangeul lisiandikwe kwa Hangeul. Kikundi kigawanyike pande mbili na kujadili kwa dakika kumi: je, kurudisha jengo ni kurudisha sura yake ya zamani, au ni kulipa maana wanayoihitaji walio hai? Hakuna upande ulio na jibu rahisi, na hilo ndilo linaloufanya mdahalo upendeze.

Ndani ya kasri, mbele ya ukumbi wa Geunjeongjeon, kuna safu mbili za vijiwe vilivyochongwa vyeo. Maofisa wa kiraia walisimama upande wa mashariki na wa kijeshi upande wa magharibi. Makundi hayo mawili ndiyo asili ya neno yangban, lililokuja kumaanisha tabaka la mabwana. Kila mwanafunzi apewe karatasi yenye cheo, atafute mahali pake na kusimama. Aliyepewa cheo cha tisa atakuwa mbali sana na mfalme, na atauelewa mfumo wa madaraja wa Joseon kwa miguu yake kabla ya kuusoma.

Wanaopenda wanaweza kuvaa hanbok, mavazi ya asili ya Kikorea, yanayokodishwa katika maduka yaliyo karibu. Aliyevaa hanbok huingia kasrini bila kulipa. Hata hivyo, kiongozi asiyageuze mavazi kuwa pambo la picha tu. Mwanafunzi aeleze japo jina la kila vazi alilovaa, kama vile jeogori, yaani koti fupi la juu, na chima, yaani sketi pana.

4.3 Bukchon: nyumba na kamusi

Kutoka kasrini kikundi kielekee mashariki hadi Bukchon, mtaa wa nyumba za asili ziitwazo hanok. Wageni wengi huamini kwamba nyumba hizo ni za enzi ya wafalme. Ukweli ni kwamba nyingi zilijengwa katika miaka ya 1920 na 1930, na mtu anayetajwa zaidi ni mjenzi Jeong Se-gwon. Yeye alinunua viwanja vikubwa vya matajiri wa zamani, akavigawa, na kujenga nyumba ndogo za Kikorea ambazo watu wa kipato cha kati waliweza kuzinunua, wakati makazi ya Wajapani yalipokuwa yakitanuka kuelekea kaskazini ya jiji.

Jeong aliipatia pia Jumuiya ya Lugha ya Kikorea jengo la kufanyia kazi. Wanajumuiya walikuwa wakiandaa kamusi kubwa ya lugha yao katika kipindi ambacho utawala wa kikoloni uliiondoa lugha hiyo shuleni na kuwashurutisha watu kuchukua majina ya Kijapani. Mwaka 1942 walianza kukamatwa. Wawili kati yao, Yi Yun-jae na Han Jing, walifia gerezani. Mswada wa kamusi ulichukuliwa kama ushahidi wa kosa. Mwaka 1945, baada ya ukombozi, ulipatikana katika ghala la stesheni ya treni ya Seoul, na juzuu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1947. Kisa hiki kisimuliwe hapa mtaani, kwa sauti ya chini, kabla ya kuendelea. Baadhi ya wanafunzi huchukulia kamusi kama kitu kilichokuwapo siku zote mezani. Hapa watajua kwamba kuna kamusi iliyogharimu uhai wa watu.

Sauti ya chini ina sababu ya pili. Bukchon ni mtaa wa watu wanaoishi. Kutokana na kero ya wageni, sehemu yake yenye msongamano zaidi iliwekewa saa za kutembelewa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na anayekiuka anaweza kutozwa faini. Wanafunzi wasichungulie madirishani wala kupiga picha za wenyeji bila idhini. Panapokuwa na nyumba iliyofunguliwa kwa umma, waingie, wavue viatu, na waguse sakafu yenye ondol, mfumo wa kupitisha joto chini ya sakafu. Waulizwe: ikiwa joto hutoka sakafuni, watu watakaa wapi, watalala wapi, na kwa nini viatu vibaki nje? Majibu yatajijenga yenyewe.

4.4 Chakula cha mchana na bustani ya Tapgol

Chakula cha mchana kiliwe Insa-dong, mtaa wenye mikahawa mingi na maduka ya kazi za mikono. Meza ya Kikorea ni darasa la adabu. Mkubwa kwa umri huanza kula kwanza. Kitu hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Vijiti havisimamishwi wima ndani ya wali, kwani hivyo hufanana na ibada ya wafu. Mwanafunzi aliyelelewa kwa "shikamoo" hatayaona haya kuwa mageni, ila atagundua kwamba heshima ambayo Kiswahili huibeba kwa salamu na majina ya udugu, Kikorea huibeba pia katika viambishi vya kitenzi.

Mwisho wa Insa-dong upande wa kusini iko bustani ya Tapgol. Tarehe 1 Machi 1919 tamko la uhuru wa Korea lilisomwa hapa kwa sauti mbele ya umati, na maandamano yakaenea nchi nzima. Ndani yake pia kuna mnara wa mawe wa ghorofa kumi wa karne ya 15, uliofunikwa kwa vioo ili usiliwe na hewa chafu. Mnara huu haukujengwa upya. Unalindwa jinsi ulivyo. Wanafunzi waulinganishe na lango la asubuhi: ni lini watu huamua kukilinda kilichobaki, na ni lini huamua kukirudisha kilichokwenda?

4.5 Hekalu la Jongmyo

Jongmyo ndipo ziara inapotulia. Hekalu hili la mababu wa kifalme lilijengwa awali mwaka 1395, likachomwa mwaka 1592 na kujengwa tena mwaka 1608. Liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995. Ukumbi wake mkuu una vyumba 19 vinavyohifadhi vibao 49 vya kumbukumbu za wafalme na malkia. Hakuna rangi za kung'aa wala nakshi nyingi. Kuna paa refu, nguzo na ukimya.

Tofauti na vituo vingine, hapa kilichodumu zaidi ni tendo. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Mei, ukoo wa Yi wa Jeonju hufanya ibada ya mababu kwa muziki na ngoma za kale. Wanafunzi waelezwe kwamba njia ya katikati iliyoinuliwa ni ya roho za mababu, na mgeni huombwa asiikanyage. Kwa dakika kumi wakae kimya, kila mmoja aandike jambo moja analolifanya nyumbani kwao kwa ajili ya waliotangulia. Hakuna haja ya kusomeana.

4.6 Kijito cha Cheonggyecheon na soko la Gwangjang

Siku ihitimishwe kwa maji na chakula. Kijito cha Cheonggyecheon kilipitisha maji ya jiji la kale. Baada ya vita kilizungukwa na vibanda vya maskini, kikafunikwa kwa zege kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na juu yake ikajengwa barabara ya magari iliyoinuliwa kwa nguzo. Kati ya mwaka 2003 na 2005 barabara ilibomolewa na kijito kikafunguliwa kwa urefu wa takriban kilomita 5.8. Lakini maji mengi yanayotiririka leo husukumwa kwa mashine kutoka mto Han. Je, hicho ni kijito kilekile? Swali hili huzua ubishi mzuri kuliko mhadhara wowote.

Soko la Gwangjang, lililoanzishwa mwaka 1905 na wafanyabiashara wa Kikorea, liko hatua chache kutoka hapo. Chakula chake maarufu ni bindaetteok, chapati nene ya choroko zilizolowekwa, zikasagwa na kukaangwa. Mwanafunzi kutoka pwani ya Afrika Mashariki atashangaa kuikuta choroko mbali hivyo na kwao, tena katika umbo jipya. Tahadhari moja ni ya lazima: baadhi ya wapishi huchanganya nyama ya nguruwe. Waislamu na wengine wasioila waulize kabla ya kuagiza, na kama kikundi kinahitaji chakula halali kwa uhakika, mikahawa ya namna hiyo ipo mtaa wa Itaewon, karibu na Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976.

5.0 Maandalizi ya kiutendaji

Mambo machache ya kiutendaji huokoa siku nzima. Kikundi kisizidi watu kumi na watano, na kigawanywe katika makundi ya watatu watatu, kila kundi likiwa na mtunza muda, mwandishi na muulizaji. Kila mmoja awe na kadi ya T-money kwa treni ya chini ya ardhi na mabasi. Kadi iguswe wakati wa kupanda na wa kushuka, maana ndivyo nauli ya kuunganisha usafiri inavyokokotolewa. Ramani zinazotumiwa zaidi na wenyeji ni Naver Map na KakaoMap. Simu ya msaada kwa watalii ni 1330. Mapipa ya taka ni machache barabarani, hivyo kila mmoja abebe mfuko wake.

Gharama za viingilio si kubwa. Kwa miaka mingi kiingilio cha mtu mzima kimekuwa won 3,000 kwa Gyeongbokgung na won 1,000 kwa Jongmyo. Uwanja, bustani, kijito na soko havina kiingilio. Bei zihakikishwe tena kabla ya safari.

Ratiba iandikwe kwa saa za Kiswahili na za kimataifa bega kwa bega. "Saa nne" ya mwanafunzi wetu ni saa kumi ya mwenyeji, na kikundi kinaweza kukosa maonyesho kwa sababu ya tarakimu moja tu.

Mwisho, ziara isiwe ya wageni peke yao. Chuo Kikuu cha Mafunzo ya Kigeni cha Hankuk hufundisha Kiswahili, na kuna Wakorea waliokisoma. Kuwaalika wachache watembee na kikundi kunabadili uhusiano: mgeni anauliza juu ya lango, mwenyeji anauliza juu ya ngeli za nomino, na kila mmoja anakuwa mwalimu na mwanafunzi.

6.0 Kupima kilichojifunzwa

Tathmini isiwe mtihani. Jioni sokoni, kila kundi lichague picha moja tu kati ya zote zilizopigwa na kuielezea kwa dakika tatu kwa kujibu maswali matatu ya ziara. Kundi linaloweza kusema "hili ni la mwaka fulani, lilivunjwa na fulani, likarudishwa kwa sababu hii" limefaulu. Linalosema "hapa ni pazuri" lirudishwe kwenye maelezo yake, kwa upole. Wiki mbili baadaye, kila mwanafunzi aandike insha fupi akilitumia swali hilohilo kwa jengo moja la mji wake mwenyewe. Hapo ndipo itakapojulikana kama ziara ilikuwa somo au matembezi.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ziara ya mafunzo hupangwa kuanzia swali, si kuanzia orodha. Swali la umri wa jengo limetumika kwa sababu linaendana na historia ya Seoul, jiji ambalo sehemu kubwa ya kinachoonekana kimewahi kupotea na kurudishwa kwa uamuzi wa watu. Furaha haikuongezwa pembeni kama kitoweo. Imetokana na kusimama kwenye kijiwe cha cheo, kuandika jina kwa herufi ngeni, kubishana juu ya kijito na kula choroko.

Mwandishi bado anayo ile picha ya lango. Siku hizi anapoionyesha darasani huanza kwa kuwauliza wanafunzi wakadirie umri wake. Wengi husema miaka mia sita. Naye huwasimulia habari za binti aliyelizidi.